Tom Crean, mtu wa kuwarudisha wenzake

Tom Crean hakufika Ncha ya Kusini. Alibakiza kilomita kama 270, baada ya kuvuta sleji, yaani gari la kuteleza juu ya theluji, kwa mkanda wa kifuani na kuupanda mto wote wa barafu wa Beardmore, ndipo akaambiwa ageuke. Kapteni Robert Scott, kiongozi wa msafara huo wa Uingereza, alikwisha kuchagua watu wanne wa kuendelea naye, na Crean hakuwamo. Waliagana tarehe 4 Januari 1912. Shajara ya Scott inasema Crean alilia.

Nimeanza na machozi hayo kwa makusudi. Wanaomsimulia Crean hupenda kuanza na mwili wake: Mwayalandi wa miraba minne, kiko mdomoni, mtu asiyechoka. Nguvu alikuwa nazo, hilo halina ubishi. Lakini nguvu peke yake haielezi maisha yale. Mimi humrudia mtu huyu kwa sababu nyingine. Alikwenda Antaktika mara tatu, na kila unapokuta jina lake limetajwa kwa uzito, ujue kuna mtu mahali fulani anasubiri kufuatwa. Wakubwa wake walikwenda kutafuta kufika. Yeye kazi iliyomwangukia kila mara ilikuwa ya kurudi, na ya kurudisha watu.

Alizaliwa mwaka 1877 huko Gurtuchrane, karibu na kijiji cha Annascaul, katika rasi ya Dingle, jimbo la Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi. Nyumba ya wakulima, watoto wengi, shule aliyoiacha mapema ili akashike jembe. Mwaka 1893, akiwa bado kijana mdogo, alijiunga na Jeshi la Majini la Uingereza. Ayalandi yote ilikuwa chini ya taji la Uingereza wakati huo, na kwa mtoto wa mkulima maskini jeshi lilimaanisha mshahara, chakula na njia ya kutoka. Sidhani kama aliwaza zaidi ya hapo.

Miaka minane ya kwanza haina la kusimulia. Alipanda cheo, kisha Desemba 1901, meli yake HMS Ringarooma ikiwa New Zealand, akashushwa kwa kosa ambalo kumbukumbu hazilitaji. Siku hizohizo meli ya Discovery ilikuwa bandarini Lyttelton ikijiandaa kwenda kusini na Scott. Baharia wake mmoja alikuwa amempiga mkubwa wake kisha akatoroka, na nafasi ikabaki wazi. Crean akajitolea. Napenda sana mwanzo huu. Mmoja kagombana akakimbia, mwingine katoka kuvuliwa cheo, na pengo lililobaki likamchukua mtu kwenye barafu kwa sehemu kubwa ya miaka 15 iliyofuata.

Safari ya Discovery ilimfundisha kazi. Meli ilishikwa na barafu hadi Februari 1904, na katika muda huo Crean alifikisha siku 149 za kuvuta sleji. Kuvuta sleji ni kazi ya punda: mtu anafungwa mkanda, anainama, anavuta mzigo wa mamia ya kilo juu ya theluji kwa saa tisa kumi, analala ndani ya mfuko ulioganda, asubuhi anaanza upya. Scott alimwona. Alipoanza kukusanya watu wa safari yake ya pili, ile ya meli ya Terra Nova mwaka 1910, Crean alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa.

Machi 1911 yeye, Luteni Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard walikuwa wakivusha farasi wadogo na mizigo juu ya bahari iliyoganda. Wakapiga hema, wakalala. Usiku barafu ikapasuka. Bowers alipotoka nje alikuta wamo juu ya kipande kinachoelea, farasi mmoja hayupo, na maji meusi kila upande. Kwa saa nyingi waliwarukisha farasi na kuzivusha sleji kutoka kipande kimoja hadi kingine, huku nyangumi wauaji wakichomoza vichwa kwenye mianya kuwatazama. Walipokaribia ukingo wa barafu ya kudumu, Crean akaenda kuita msaada. Aliruka kutoka kipande hadi kipande akiwa peke yake, akapata mahali pa kushika, akaukwea ule ukuta, akamfikia Scott. Watu wote watatu walipona. Kati ya farasi wanne, aliyeokolewa ni mmoja.

Kisha ikaja ile safari ya Ncha, na ile amri ya kugeuka.

Kundi la mwisho la kurudi lilikuwa na watu watatu: Luteni Edward Evans, ambaye wenzake walimwita Teddy, William Lashly aliyekuwa mkuu wa wachochea moto melini, na Crean. Hesabu zote za chakula, hema na uvutaji zilikuwa zimepigwa kwa watu wanne wanne. Dakika ya mwisho Scott alimchukua Bowers kutoka kwa Evans akawa na watu watano, akawaachia watatu hawa kazi ya wanne na njia ya zaidi ya kilomita 1,100 kurudi kambini. Si vizuri kuwahukumu watu waliokufa kwa njaa na baridi ndani ya hema, lakini uamuzi ule ulikuwa mbaya, na wa kwanza kuulipia walikuwa hawa walioonekana kuwa na bahati.

Walipofika juu ya maporomoko ya barafu, kuyazunguka kungewagharimu siku tatu, na chakula cha siku tatu hawakuwa nacho. Wakakaa juu ya sleji, wakaiachia. Waliteremka kama mita 600 wakipita juu ya nyufa zinazoweza kummeza mtu na mzigo wake. Chini walipinduka, wakajipapasa, wakajikuta wazima.

Kilichomwangusha Evans ni kiseyeye. Viungo vya miguu vilikaza, fizi zikaoza, akaanza kuchuruzika damu. Leo tunajua ni ukosefu wa vitamini C. Jina lenyewe la vitamini lilibuniwa mwaka huohuo wa 1912, na ndani ya mifuko yao ya chakula, pamoja na zile biskuti na nyama kavu iliyopondwa na mafuta, haikuwamo ya kutosha kumponya mtu. Hadi kufikia katikati ya Februari Evans hakuweza tena kusimama. Aliwaamuru wamwache. Walikataa, na baadaye aliandika kwamba hiyo ndiyo mara pekee amri yake kama ofisa wa jeshi la majini ilipovunjwa. Walitupa kila kitu walichoweza kukikosa, wakamfunga juu ya sleji, wakamvuta. Kuna siku alizirai, Crean akadhani amekufa. Evans alisimulia kwamba alizinduka kwa kuhisi machozi ya moto ya Crean yakimdondokea usoni.

Tarehe 18 Februari, zikiwa zimebaki kilomita 56 kufika kibanda cha Hut Point, miguu ya wavutaji wawili ilikataa. Chakula kilikuwa cha siku moja hivi, labda mbili kwa kujibana. Wakakubaliana Lashly abaki na mgonjwa hemani na Crean aende kutafuta msaada.

Alikwenda bila hema wala mfuko wa kulalia. Hata ski zilikwisha kuachwa nyuma ili kupunguza uzito, kwa hiyo alizama kwenye theluji kila hatua. Mfukoni alikuwa na biskuti tatu na vipande viwili vya chokoleti. Alisimama mara moja kula, akala biskuti mbili na chokoleti, ile ya tatu akairudisha mfukoni. Biskuti hiyo hunishangaza kuliko kilomita zote 56. Mtu amekuwa njiani miezi mitatu na nusu, hajui kama atalifikia jua la kesho, na bado anaweka akiba.

Alitembea saa 18 hivi. Kibandani alimkuta daktari Edward Atkinson na Mrusi Dmitri, mtunza mbwa, akaanguka mlangoni akisema alichotumwa kusema. Walimpa brandi na uji, akatapika vyote, na yeye mwenyewe baadaye aliisingizia brandi. Nusu saa baada ya kufika, dhoruba ya theluji ikafunga nchi nzima. Ingemkuta njiani asingefika, na wale wawili hemani wasingefuatwa na mtu. Ilipotulia, Atkinson na Dmitri wakaondoka na mbwa, wakawaleta wote wawili wakiwa hai.

Hapa sitaki kupita bila kumsimamia Lashly. Kutembea ni kugumu, lakini anayetembea ana la kufanya. Lashly alikaa ndani ya hema na mtu anayekufa, akisikiliza upepo, bila njia yoyote ya kujua kama mwenzake amefika au amelala kwenye ufa. Alimgawia Evans chakula kidogo kilichobaki, akamfunika, akangoja. Nishani ya Albert, ya ushujaa wa kuokoa maisha, walipewa wote wawili, Crean na Lashly, na ni sawa kabisa. Bahati mbaya kungoja hakusimuliki vizuri, kwa hiyo watu hukumbuka ile safari ya miguu.

Scott na wenzake wanne walifika Ncha Januari 17 na kukuta Roald Amundsen wa Norway amewatangulia kwa mwezi mmoja na zaidi. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi. Kati yao alikuwamo Edgar Evans, baharia kutoka Wales, rafiki wa Crean tangu enzi za Discovery. Majira yaliyofuata Crean alikuwa katika kundi lililokwenda kuwatafuta, na tarehe 12 Novemba 1912 wakalipata hema likiwa na miili mitatu: Scott, Edward Wilson mwanasayansi wa msafara, na Bowers. Bowers yuleyule wa kwenye vipande vya barafu. Waliiangusha hema juu yao, wakajenga lundo la theluji na kuweka msalaba. Kuhusu siku ile mengi yameandikwa na maofisa. Crean aliacha mistari michache tu kwenye barua.

Mtu mwingine angesema inatosha. Miezi 21 baadaye, Agosti 1914, alikuwa kwenye meli ya Endurance na kiongozi mwingine wa safari za kusini, Ernest Shackleton, safari hii akiwa ofisa wa pili wa meli. Vita Kuu ilikuwa imeanza siku chache kabla. Meli ilishikwa na barafu Januari 1915 katika Bahari ya Weddell, ikabanwa kwa miezi kumi, ikazama tarehe 21 Novemba. Kuna picha maarufu ya Frank Hurley ya miezi ile: Crean amekaa, kiko mdomoni, amewapakata watoto wanne wa mbwa. Walikuwa watoto wa Sally, na yeye ndiye aliyewalea. Picha hiyo hupendwa sana, na wanaoipenda mara nyingi husahau kuuliza mbwa waliishia wapi. Wote walipigwa risasi, kwa sababu chakula hakikutosha na mashua hazina nafasi ya mbwa.

Watu 28 walielea juu ya barafu hadi Aprili 1916 ilipopasuka chini yao, wakaingia kwenye mashua tatu. Ofisa aliyepewa ile ndogo kuliko zote, Stancomb Wills, alilemewa njiani kwa baridi na uchovu, na Crean ndiye aliyeishikilia hadi wakafika Kisiwa cha Elephant. Mwamba, barafu, pengwini na sili. Hakuna meli iliyopita huko. Shackleton akaamua kwenda na watu watano kutafuta msaada kisiwani Georgia Kusini, kwenye vituo vya wawinda nyangumi, kwa mashua ya James Caird yenye urefu usiofika mita saba. Mwanzoni alitaka Crean abaki kuwatazama wale watakaoachwa. Crean akamwomba mpaka akakubali.

Wenye asili ya bahari wataelewa haraka kuliko wengine maana ya kilomita kama 1,500 za bahari ya kusini ndani ya mashua. Seremala Harry McNish aliinua mbao za ubavuni na kutandika turubali juu kama sitaha, akakalafati nyufa kwa alichokipata, pamoja na damu ya sili. Waliondoka tarehe 24 Aprili. Walipokezana zamu: mmoja kwenye kana, yaani mpini wa usukani, mmoja kwenye tanga, mmoja akifua maji, watatu wengine wamejibana omo ndani ya mifuko iliyolowa. Barafu ilijijenga juu ya turubali na kuifanya mashua nzito, na ilibidi mtu atambae nje kuigonga kwa shoka huku chombo kikiyumba. Frank Worsley, nahodha wa Endurance, alipata kuliona jua mara chache tu, na kwa mara hizo chache ndipo alipopiga hesabu iliyowafikisha.

Shackleton ameandika kwamba Crean akishika usukani aliimba daima, na kwamba hakuna aliyewahi kugundua anaimba nini. Sauti haikuwa na tuni, ilikuwa moja tu kama sala ya mtawa, na bado iliwachangamsha. Nikimsoma Crean hapa ndipo ninapomsikia. Kwenye karatasi mtu huyu hasemi. Kwenye kana, usiku, katika bahari iliyochafuka kuliko zote duniani, anaimba vibaya.

Walitua Georgia Kusini tarehe 10 Mei, lakini upande usio na watu. Mashua haikuwa na nguvu ya kuzunguka, na baadhi ya watu nao hawakuwa nayo. Shackleton, Worsley na Crean wakaamua kukatiza milima ambayo hakuna aliyewahi kuivuka. Walichukua kamba, tezo ya seremala na chakula kidogo, wakapigilia skrubu kwenye soli za viatu zisiteleze. Saa 36. Walipanda, wakakuta mteremko haushukiki, wakarudi, wakapanda pengine. Ilipokaribia jioni, ukungu ukija nyuma yao, wakaikunja kamba, wakaikalia watatu kwa kufuatana, wakajiachia gizani. Mchana wa tarehe 20 Mei wakaingia kituo cha Stromness, nywele zimeshikamana, nguo zimeiva moshi wa mafuta ya sili, na watoto waliowaona kwanza wakakimbia.

Bado kulikuwa na watu 22 kule Elephant. Meli ya kwanza ilizuiwa na barafu, ya pili pia, ya tatu pia. Ya nne, Yelcho ya jeshi la majini la Chile chini ya Luis Pardo, ilipenya tarehe 30 Agosti 1916. Crean alikuwamo. Walihesabu watu ufukweni: 22, wote hai.

Aliporudi Uingereza vita vilikuwa vinaendelea, akarudi kazini, akapandishwa kuwa serahangi mwenye cheo cha ofisa mteule. Septemba 1917 alimwoa Ellen Herlihy, msichana wa Annascaul, na kutoka hapo maisha yake yanabadilisha sura kabisa. Machi 1920 aliondoka jeshini kwa sababu za kiafya baada ya kuanguka vibaya melini, macho yake yakiwa yameathirika. Alikuwa na umri wa miaka 43 hivi, na utumishi wa zaidi ya miaka 26.

Mwaka 1921 Shackleton alimwita tena. Meli nyingine, Quest, safari nyingine ya kusini. Crean akamjibu kwamba sasa ana rafiki mwenye nywele ndefu. Jibu hilo limesimuliwa mara nyingi kama mzaha, na mzaha umo. Lakini fikiria ni nani anayekataa nini. Watu waliorudi kutoka Georgia Kusini walikuwa wamefungwa kwa Shackleton kwa namna ambayo hata wake zao hawakuielewa. Baadhi ya wazee wa Endurance waliitikia, Worsley akiwamo, ingawa safari yenyewe haikuwa na shabaha iliyo wazi. Crean, ambaye miaka mitano nyuma aliomba mpaka akaruhusiwa kupanda mashua, alibaki nyumbani na mke na watoto wadogo. Shackleton alikufa kwa moyo kule Georgia Kusini tarehe 5 Januari 1922.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Alirudi Kerry katikati ya vita vya uhuru wa Ayalandi, akiwa mtu aliyetumikia Jeshi la Majini la Uingereza tangu ujana. Ndugu yake Cornelius, sajini wa polisi wa serikali ya Uingereza, aliuawa kwa risasi katika jimbo la Cork Aprili 1920, wiki chache tu baada ya Tom kuondoka jeshini. Kwa hiyo wanaposema Crean alikuwa mnyenyekevu, hakupenda kujisifu, mimi nakubali nusu. Unyenyekevu ulikuwapo. Lakini ni nani mwenye akili angesimama katika kijiji cha Kerry mwaka 1920 kusimulia nishani alizopewa kwa mkono wa mfalme wa Uingereza? Kunyamaza kulikuwa busara kwanza. Kisha, kama inavyotokea kwa wazee wengi wa vita, busara ikageuka mazoea, mazoea yakawa tabia, na watoto wakakua wakiijua kama tabia ya baba.

Yeye na Ellen walipata mabinti watatu: Mary, Katherine na Eileen. Katherine alifariki mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka minne. Kuhusu hilo nina machache ya kusema na nisingependa kulipamba. Mtu aliyemvuta Evans theluji nzima, aliyewafuata watu 22 mara nne, alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, na hapakuwa na kilomita za kutembea.

Mwaka 1927 yeye na Ellen walifungua baa Annascaul, wakaiita South Pole Inn. Ipo hadi leo. Ellen, ambaye Crean alimwita Nell, ndiye hasa aliyeiendesha. Crean mwenyewe alipenda bustani yake na kutembea na mbwa wawili, Fido na Toby. Jina Toby lilikuwa la mmoja wa wale watoto wanne wa Sally. Hakuwahi kuandika kitabu. Hakuwapa waandishi mahojiano. Kwa kumbukumbu za familia, nishani aliziweka kisandukuni na mazungumzo yakaishia hapo.

Nimejaribu kuwaza hasara yake. Scott, Shackleton, Evans, Worsley, Cherry-Garrard, wote waliandika, na karibu kila tunachojua kuhusu Crean kimepitia kwa kalamu zao. Wote walikuwa wakubwa wake. Wanamwonyesha mwaminifu, mcheshi, mwenye nguvu, na sina sababu ya kudhani wanadanganya, ila ni sura ya mtu anayeonwa kutoka juu. Aliwaonaje wao? Alimfikiria nini Scott baada ya kumchimbua kwenye theluji? Kuna ofisa wa Endurance aliyelemewa njiani, naye alikaa naye mashua moja. Hayo yote alikwenda nayo. Familia ilipata baba aliyekuwapo. Sisi wasomaji tukakosa kitabu, na nadhani mgawanyo huo ni wa haki.

Julai 1938 alishikwa na maumivu ya tumbo. Kidole tumbo. Akapelekwa hospitali Tralee, ambako hakukuwa na daktari wa upasuaji wa kumhudumia, ikabidi asafirishwe hadi Cork. Siku hizo barabara ile haikuwa fupi. Alipopasuliwa, sumu ilikwisha kuenea. Alikufa tarehe 27 Julai, akiwa na umri wa miaka 61 hivi, akazikwa kwenye kaburi la familia huko Ballynacourty. Ni vigumu kuisoma habari hiyo bila kukumbuka Hut Point, ambako daktari alikuwapo na kilichokosekana kilikuwa mtu wa kumfikia. Safari hii watu walifika kwa wakati, daktari hakuwapo.

Ayalandi ilichelewa kumkumbuka. Sanamu yake iliwekwa Annascaul mwaka 2003, mbele ya baa, na ina watoto wa mbwa mikononi. Mwaka 2022 mabaki ya Endurance yalipatikana yakiwa yamesimama wima katika kina cha mita 3,008, na mwaka huohuo Ayalandi ikaanza kutumia meli mpya ya utafiti wa bahari iliyopewa jina la Tom Crean.

Teddy Evans alipanda hadi kuwa admirali, akatunukiwa cheo cha Lord Mountevans, akaishi hadi 1957.